Enka na kisigino vinauma kila asubuhi? Jinsi ya kujua ni kano ipi imeumia na namna ya kuitibu

Kama ukiamka asubuhi hatua kumi za kwanza kwenda msalani unazipiga huku umeshika ukuta, af ukishazunguka zunguka kidogo mguu unachangamka unasahau kabisa, mchana uko fiti, jioni umekaa barazani unapiga stori ukitaka kunyanyuka tu maumivu yanaanza upya, basi tulia usome hii taratibu. Mi nilikaa na hali hiyo miezi minane hapa Tanga. Nikaambiwa ni baridi, nikaambiwa damu imeganda, jirani akasema nimekanyaga kitu, na kila mtu alikuwa na mafuta yake ya kunichua. Kumbe ilikuwa kano ya nyuma ya kisigino, na nilipoelekezwa cha kufanya dawa yenyewe ilikuwa ngazi ya kibaraza cha nyumbani kwetu.

Tuelewane kwanza kwenye jina. Mtaani kila kinachouma mguuni tunaita mshipa, ila hii inaitwa kano, ile kamba nyeupe ngumu inayounga msuli na mfupa. Kama utotoni ulishapewa mguu wa kuku uchezee wakati mama anamsafisha basi unaijua vizuri: pale ulipokatwa kuna kijikamba cheupe kinachungulia, ukikivuta vidole vya kuku vinajikunja, ukikiachia vinalegea. Ndo hiyo hiyo. Kwetu sisi misuli yenyewe iko juu huku kwenye kigimbi na kwenye muundi, kamba zake zinashuka zinapita kwenye enka mpaka unyayoni, na baadhi zinakunja kona nyuma ya yale mafundo mawili ya mfupa kama henza inavyopita kwenye kapi la jahazi, na pale penye kona ndo panaposagika.

Ile ya nyuma, kano ya Achilles, ndo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini, na bado inaumia. Ukikimbia inabeba mzigo unaofika mara 6 mpaka 8 ya uzito wako, kwa hiyo mtu wa kilo 70 kila hatua ni karibu nusu tani. Inaweza kuhimili, imeumbwa hivo, tatizo ni kuishtukiza. Mi mwenyewe nilikuwa nakimbia jumamosi tu na wenzangu wa jogingi, tunaanzia Mkwakwani tunaenda Raskazone tunarudi, af nikajitia hamasa nikaongeza mpaka siku tano kwa wiki, na mchanga wa pwani maji yakikupwa, na raba za mtumba zilizokwisha soli. Ndani ya mwezi mmoja. Wengine inawapata baada ya Ramadhani, mwezi mzima hajakimbia, Idi ikipita anarudi uwanjani na mechi ya dakika 90 kama vile hakuacha. Kano haipati damu nyingi kama msuli, inajenga polepole na inapona polepole, kwa hiyo ukiongeza mzigo haraka kuliko inavyojijenga ndo inaanza kuchakaa kutoka ndani, inavimba, inakuwa nene na inauma.

Sasa tafuta ni ipi. Kaa kwenye kiti, vua viatu, weka mguu unaouma juu ya goti la mguu mwingine, na utumie kidole kimoja tu. Nasema kimoja kwa sababu maumivu ya kano mara nyingi unaweza kuyaonesha kwa ncha ya kidole, ukiona unapapasa mguu mzima hujui pa kuweka kidole, kuna uwezekano shida ni nyingine.

Anza nyuma. Ibane ile kamba kati ya dole gumba na kidole cha shahada, uipandishe taratibu kutoka kwenye mfupa wa kisigino kwenda juu. Ikiuma kwenye sentimita 2 mpaka 6 juu ya mfupa, na labda unasikia kivimbe kigumu kama kokwa ya tende ambacho kinatembea ukikunja na kukunjua mguu, hiyo ni kano ya Achilles katikati yake. Ikiwa inauma chini kabisa pale inapojishikiza kwenye mfupa, pale viatu vya ngozi vinaposugua, hiyo nayo ni Achilles lakini mazoezi yake yana tofauti moja kubwa, iweke akilini tutaifikia.

Ukigusa nyuma ya fundo la ndani la enka ukapata maumivu yanayoteremka mpaka kwenye upinde wa unyayo, hiyo ni kano inayoshikilia huo upinde usibonyee. Hii inawapata sana mama zetu waliovuka arobaini, hasa mwenye uzito na anayesimama siku nzima sokoni au jikoni na ndala bapa. Naomba hii msiipuuze kabisa maana ikiachwa unyayo unalala chini mazima na kuurudisha ni kazi ya upasuaji. Mwambie mtu asimame nyuma yako akuangalie ukiwa umesimama pekupeku: upande mbovu kisigino kinakuwa kimelala kwa nje na vidole vinavyoonekana pembeni vinakuwa vingi kuliko upande mzima. Af panda kwa ncha za vidole vya mguu huo mmoja. Kama hupandi kabisa, au unapanda lakini kisigino hakigeuki kwenda ndani, nenda hospitali mapema.

Nyuma ya fundo la nje ni kano za wachezaji na watu walioteguka zamani wakapona nusu nusu, wanasikia enka haiaminiki, wakikanyaga kokoto inachomoka. Mbele ya enka ni kano inayonyanyua mguu, hii inachokozwa na kamba za njumu zilizokazwa mno au kushuka mlima kwa muda mrefu, muulize yeyote aliyeshuka na mzigo kutoka Lushoto. Na ukigusa chini ya kisigino, unyayoni kabisa, ukaruka kwa maumivu, huo ni utando wa unyayo sio kano, nao unauma asubuhi vile vile, ndo maana watu wanachanganya.

Kuhusu picha. Mi nilienda na eksirei yangu kwenye bahasha nimeishika vizuri isikunjike, nikamwamkia yule mtaalamu wa fiziotherapi, yaani tiba ya mazoezi na viungo, nikampa. Akaiweka mezani bila kuifungua. Akasema, "Simama hapo kaka, shika ukuta kwa vidole viwili tu usije ukaanguka, panda na kushuka kisigino kwa mguu mzima mpaka uchoke." Nikapanda mara 25, sijachoka. "Haya huu mwingine." Ya sita goti likaanza kujikunja lenyewe, ya tisa mguu wote unatetemeka nikashuka. Akanitazama akasema, "Umeona? Umeupumzisha miezi minane umelala, sasa hata ukibeba ndoo ya maji unaulemea." Af ndo akafungua bahasha akanionesha mfupa, mzima kabisa, na pale kano inapopita kuna ukungu tu. Eksirei ni ya mfupa. Kano inaonekana kwa altrasaundi, na hata hiyo mara nyingi haihitajiki kama kupapasa kwa mkono na historia ya maumivu yako vinatosha.

Kuna hali ambazo usianze mazoezi yoyote ya humu, kimbia hospitali. Ukisikia paa nyuma ya mguu kama umepigwa teke au jiwe, ukageuka hukuona mtu, kano inaweza kuwa imekatika. Ndo ilivyomkuta David Beckham Machi 2010 akiwa AC Milan, hakuna aliyemgusa, na kombe la dunia la Afrika Kusini akalikosa. Kipimo chake ni rahisi: lala kifudifudi miguu inaning'inia nje ya kitanda, mtu akubane kigimbi, kano nzima inafanya unyayo usogee, iliyokatika unyayo unatulia tuli. Usidanganyike eti bado unaweza kukunja vidole, vidole vina kano zake. Nyingine ni pale ulipoteguka na huwezi kupiga hata hatua nne, au mfupa wenyewe wa fundo unauma ukiubonyeza, hapo eksirei ni lazima maana inaweza kuwa umevunjika. Enka ikiwa nyekundu ya moto na una homa, au kigimbi kimevimba upande mmoja kinauma na ni cha moto, usichue, nenda. Dole gumba la mguu likivimba ghafla usiku hata shuka linakuuma, fikiria jongo. Na mwenye kisukari ambaye miguu inakufa ganzi asijitibu nyumbani, vidonda vya miguu vinaanza kimya kimya.

Halafu hii naiandika kwa uchungu kwa sababu wengi hawaijui. Sipro, ile dawa tunayojinunulia dukani kila tukihisi yutiai au taifodi, yenyewe na ndugu zake kama levofloksasini zinaweza kudhuru kano mpaka ikakatika, hasa Achilles. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali juu ya hilo mwaka 2008. Hatari inapanda kwa waliozidi miaka 60, wenye shida ya figo na wanaotumia steroidi, zile dawa kali za kushusha mcharuko kama prednisoloni. Ukiwa unaimeza na kisigino kikaanza kuuma, usikimbie wala usiruke, rudi kwa daktari siku hiyo hiyo mwambie akubadilishie. Mi katika ile miezi minane nilimeza dozi mbili za sipro kwa homa ambayo sikuipima, na muuzaji wa duka la dawa aliniona nachechemea akaniuzia tu.

Matibabu sasa. Wiki mbili za mwanzo unapunguza mzigo, huuzimi mguu. Acha kukimbia na kuruka, lakini tembea shughuli zako kama maumivu hayazidi. Tanga bahati yetu baiskeli ziko kila kona, endesha, ila kanyaga pedeli kwa katikati ya unyayo badala ya vidole ili kano ya nyuma isivutwe sana. Chukua ndala kuukuu, kata vipande viwili vya umbo la kisigino, unene kama sentimita moja, viweke ndani ya viatu miguu yote miwili, sio mmoja, usije ukaanza kuumwa kiuno. Hicho kipande kinainua kisigino na kano inalegea, utasikia tofauti siku ya kwanza. Kwa kano ya ndani ya enka unachohitaji ni viatu vyenye upinde ndani, na ndala bapa uziache hata kwa kwenda chooni, najua ni ngumu.

Barafu ni sawa kama inakutuliza, funga kwenye kitambaa dakika 15 usiweke moja kwa moja kwenye ngozi, mwenye ganzi asiweke. Diklopa na diklofenaki zinapunguza maumivu siku chache za mwanzo lakini haziponyi kano, kwa sababu ikishakaa miezi tatizo lake kubwa ni uchakavu kuliko mcharuko, na hakuna kidonge kinachoshona kamba. Mwenye vidonda vya tumbo, presha, figo au mjamzito asitumie bila kuuliza, hata jeli ya kupaka ingawa ina nafuu zaidi. Sindano ya steroidi kwenye kano ya Achilles ikataeni au angalau muulize maswali, maumivu yanakata haraka lakini kano inadhoofika na inaweza kukatika. Kuchua nako, chueni kigimbi kwa upole, kile kinakaza na kuvuta kano, ila kuisugua kano yenyewe iliyovimba kwa dole gumba mpaka mtu anatoa machozi ni kuitonesha.

Haya, mazoezi, na hapa ndo penye dawa. Yule mtaalamu alinianzisha na kusimama tu: shika ukuta, panda kwa vidole vya miguu yote miwili nusu ya njia, kaa hapo hapo sekunde 45, shuka, pumzika dakika moja au mbili, rudia mara tano. Hii wengine inawapunguzia maumivu pale pale. Baada ya siku kama kumi akanihamishia kwenye ngazi. Nyumba yetu ina kibaraza cha mbele kina ngazi mbili za saruji, nilikuwa nasimama hapo kabla jua halijawa kali, ncha za vidole kwenye ukingo, visigino vinaning'inia hewani, mkono kwenye nguzo. Unapanda kwa miguu yote miwili, unahamishia uzito wote kwenye mguu mbovu, af unashuka nao huo mmoja pooole pole mpaka kisigino kinapita chini ya ukingo wa ngazi. Usipande kwa mguu mbovu peke yake, panda tena kwa miwili. Mara 15 seti tatu goti limenyooka, na mara 15 seti tatu goti limekunjwa kidogo, asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Ukihesabu ni mara 180 kwa siku. Ni nyingi, ndio.

Utaratibu huu ni wa daktari wa upasuaji Håkan Alfredson wa Uswidi, mwaka 1998 aliujaribu kwa watu 15 waliokuwa wakikimbia kujifurahisha na kano zao zilishindikana kwa njia nyingine, baada ya wiki 12 wote 15 wakarudi kukimbia. Tafiti za baadae zimeonesha sio kila mtu anapona hivo, na pia kwamba mara tatu kwa wiki ukiwa na mzigo mzito na mwendo wa taratibu inafanya kazi karibu sawa, kwa hiyo kama kila siku inakushinda chukua hiyo. Ukiona mara 15 ni rahisi, vaa begi mgongoni uweke mchele kilo tano, wiki inayofuata ongeza. Mi nilimaliza na dumu la lita 10 la maji kwenye begi, watoto wa jirani wakawa wananihesabia.

Sasa ile tofauti niliyosema. Kama maumivu yako ni pale chini kabisa kwenye mfupa, usishushe kisigino chini ya ukingo, fanya kwenye sakafu tambarare. Ukishusha, kano inabanwa na mfupa na unaongeza tatizo. Watu wengi wanafanya mazoezi mazuri ya mahali pasipo pao af wanasema mazoezi hayafai.

Kwa kano za pembeni nenda kwa fundi baiskeli muombe tyubu iliyokufa, kata kipande cha urefu wa mkono, osha ile poda ya ndani, funga kitanzi. Funga upande mmoja kwenye mguu wa kitanda mwingine ubane ubapa wa mguu wako. Kano ya ndani: vuta unyayo kwenda ndani taratibu, rudisha taratibu zaidi. Kano ya nje: geuka, vuta kwenda nje. Ya mbele: vuta kuja kwako. 15 kwa seti tatu, na goti litulie, mguu usizunguke kutoka nyonga. Mwenye kano ya ndani aongeze na hili, weka mpira wa tenisi au hata wa makaratasi wa watoto katikati ya visigino, ubane, af panda kwa vidole na kushuka bila kuuangusha. Mwenye ya nje asimame mguu mmoja akipiga mswaki, enka inajifunza kujishika upya.

Kuhusu kuuma. Utauma. Pima kwa namba, sifuri hadi kumi, ikifika 4 au 5 wakati wa zoezi ni ruksa, mradi ukiamka kesho yake maumivu yamerudi pale yalipokuwa jana. Asubuhi ndo hakimu wako. Ukiamka mbaya zaidi kuliko jana, punguza begi au punguza idadi, usiache.

Kukimbia rudi pale unapoweza kutembea kasi nusu saa bila kuchechemea na kupanda kisigino kimoja angalau mara 20. Anza dakika moja kukimbia mbili kutembea, mara kumi, siku moja ndio siku moja hapana. Anza na njia ngumu iliyo sawa, pwani iache kwanza, ufukwe una mteremko kwa hiyo mguu mmoja unakuwa juu mwingine chini njia nzima, na mchanga laini unazamisha kisigino na kuivuta kano kila hatua. Mi nilirudi Raskazone mwezi wa tano tangu nianze mazoezi, na ngazi sijaiacha mpaka leo, mara mbili kwa wiki na begi.

Ukimaliza miezi mitatu ya kweli, bila kuruka siku na bila kujidanganya kwenye hesabu, na asubuhi bado unashika ukuta, hapo rudi hospitali uombe altrasaundi, waambie na dawa zote unazomeza, na kama visigino vyote viwili vinauma pamoja na mgongo unaokaza kila asubuhi zaidi ya nusu saa waambie na hilo pia, maana hapo wanaweza kuhitaji kukupima damu.